Safari ya ng'ambo bila kuonja kileo

KILA mwaka mji wa Eldoret huwaaga watoto wake wengi. Yuko mwanariadha anayekwenda kukimbia Ujerumani au Japani, yuko mwanafunzi aliyepata nafasi ya chuo kikuu Marekani, na yuko muuguzi aliyeajiriwa Uingereza. Nyumbani watu huchanga pesa, huomba na kutoa nasaha. Mama humhimiza abebe sweta nzito. Baba humkumbusha asisahau kwao. Ni nadra mtu kumwuliza atafanya nini jioni ya kwanza mwenyeji wake atakapomwekea glasi ya mvinyo mezani.

Aghalabu msafiri huyo hajawahi kuonja kileo. Sehemu hii ya Bonde la Ufa ina waumini wengi wa makanisa yanayokataza pombe, kama vile Africa Inland Church na Waadventista wa Sabato. Wapo pia Waislamu, ambao dini yao imeiharamisha. Wengine waliapa kuiepuka baada ya kuona jinsi chang'aa ilivyovunja boma la jirani.

Lakini tuseme kweli, msomaji. Wengi wetu hatulindwi na imani pekee, bali pia na macho ya watu. Ukiingia baa Jumamosi usiku, mzee wa kanisa atakuwa na habari kabla ya ibada ya Jumapili. Ng'ambo hakuna shangazi wala mzee wa kanisa. Huko mtu hujilinda mwenyewe.

Hatari hii si hadithi ya kutishia watoto. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, katika miaka ya 1970. Mwaka 1978, kwa muda wa siku 81 tu, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Dunia nzima ilimshangilia. Hata hivyo, pombe ilimteka, ikamla pesa na jina, na kuna wakati alikosa hata makao katika nchi hiyo hiyo ya ugeni. Baadaye aliiacha, akafunza vijana riadha, na mwaka 2007 akatoa kitabu kuhusu maisha yake bila kuficha aibu hiyo. Alirudi nyumbani na kufariki Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 72.

Si kwamba kila anayeonja bia ataanguka hivyo. Lakini ikiwa shujaa mwenye mapafu na moyo kama wa Rono aliangushwa, kijana wa kawaida asijidanganye kwamba atajua la kufanya akishafika.

Mtihani wa kwanza huanzia angani. Katika ndege nyingi zinazokwenda Ulaya, bia na mvinyo hutolewa bila malipo, na kwa Mkenya kitu cha bure ni vigumu kukiachilia. Omba maji au maji ya matunda. Hakuna mhudumu atakayekuuliza sababu.

Mezani kwa wenyeji, jibu fupi ndilo bora: "Asante, mimi situmii. Naomba soda." Sema hivyo mapema, kabla chupa haijafunguliwa, na useme kwa tabasamu. Anayeanza kutoa mahubiri marefu huwaudhi wenyeji, na anayesema "labda baadaye" atafuatwa na chupa usiku kucha. Wakati wa kugonganisha glasi, inua yako pamoja na wenzako. Wanachotaka ni ushirika wako.

Japani, ambako Wakenya wengi hukimbilia timu za makampuni, kuna desturi ya watu kumiminiana vinywaji. Glasi ikionekana tupu, jirani huijaza. Basi agiza chai baridi iitwayo oolong na usiiache glasi ikauke.

Jihadhari pia na majina. Marekani, cider kwa kawaida ni maji ya tufaha yasiyolevya, lakini Uingereza neno hilo hilo ni pombe kamili. Ujerumani, bia iliyoandikwa "alkoholfrei" huweza kuwa na kileo hadi asilimia 0.5. Hiyo ndiyo aina ya bia ambayo wanariadha wamekuwa wakipewa baada ya kumaliza mbio za Berlin. Baadhi ya vyakula vya Ufaransa hupikwa kwa mvinyo, na chokoleti nyingine hufichwa pombe kali ndani. Ukiwa na shaka, uliza. Kuuliza si ushamba.

Lakini mtihani mkubwa kuliko yote hauko karamuni. Uko chumbani, jioni ya majira ya baridi, jua likizama saa kumi alasiri na simu ya nyumbani ikiwa kimya. Upweke ndio humsukuma mgeni kwenye baa, kwa sababu huko kuna joto na watu wa kuzungumza nao. Kwa hiyo katika juma la kwanza tafuta kanisa au msikiti, tafuta wenzako wa mazoezi, na ujue duka linalouza unga wa ugali. Wakenya wenzako ni faraja, ingawa nao wengine mikutano yao haikosi kreti.

Wazazi, mazungumzo haya yafanywe sebuleni kabla ya tiketi kukatwa. Mwulizeni kijana atajibu nini, na mwacheni ajibu kwa sauti. Bingwa akirejea Eldoret hulakiwa kwa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kienyeji. Apewe nasaha itakayomwezesha kurudi na afya yake na akiba yake, akinywee kibuyu hicho nyumbani.