Je, Wajua? Kurasa tatu zinazobaki kila mwaka

Je, wajua kwamba mwaka haukubali kukunjwa? Muulize yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha chapa kinachotoa vitabu vya tafakari za kila siku. Karatasi kubwa hupigwa chapa pande zote mbili, ikakunjwa mara tatu, ikazaa kurasa 16. Kitabu ni mafungu ya 16, yakapangwa, yakashonwa, yakavishwa jalada. Sasa lete siku 365, kila siku na ukurasa wake. Mafungu 22 hayatoshi, maana yanakupa kurasa 352 tu. Ukiongeza la 23 unapata 368. Zinabaki kurasa tatu, na mwaka mrefu zinabaki mbili.

Ukurasa wa kwanza hauna ubishi, ni wa jina la kitabu. Wa pili ni wa mchapaji na anwani yake. Wa tatu ndio unaowagombanisha watu wazima. Mhariri anautaka kwa dibaji, mhasibu anautaka kwa kutangaza vitabu vilivyolala stoo, na fundi wa mtambo anasema uachwe mweupe, wino umepanda bei. Nilikaa miaka kadhaa kwenye chumba cha namna hiyo nikisoma prufu, na sikuwahi kuona mwaka ambao ukurasa huo ulipita bila maneno.

Je, wajua kitabu hicho kingekuwa mzigo wa namna gani enzi za misafara? Tuchukue kitabu kidogo cha mfukoni, ukubwa wa robo ya karatasi ya A4. Kurasa 368 ni sawa na karatasi 46 za A4 ya kawaida, na kila karatasi ina gramu 5, kwa hiyo gramu 230 kabla ya jalada. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mnyamwezi mmoja angebeba vitabu 139. Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia siku 134 kutoka Kaole pwani hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo. Misafara iliyoijua njia ilikwenda upesi kuliko wao, lakini tukishika hesabu yao, kitabu cha kufunguliwa Tabora tarehe 1 Januari kingepaswa kuondoka pwani tarehe 20 Agosti. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, safari ile ya miezi ikawa ya siku chache. Leo aya ya asubuhi inaingia kwenye simu ya mtu wa Ziba, wilayani Igunga, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, na nayo hufutwa upesi vilevile ili picha za harusi zipate nafasi.

Je, wajua kwamba kuna kitabu cha tafakari ambacho maneno yake hupatikana kwa kupiga kura? Hapa nitakaa kidogo, maana jambo lenyewe ni tamu na ndugu zetu wa Moraviani, ambao wapo Urambo tangu mwaka 1898 walipoipokea misheni ya huko kutoka Jumuiya ya Misheni ya London, mara nyingi hulisema kwa kupita tu. Chanzo chake ni Herrnhut, kijiji cha mashariki ya Ujerumani. Tarehe 3 Mei 1728 kiongozi wao Zinzendorf aliwapa waumini neno moja la kwenda nalo siku inayofuata. Watu wakalipokea kama askari wanavyopokea neno la lindo, likawa linapelekwa nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Kitabu cha kwanza cha mwaka mzima kilitoka kwa ajili ya mwaka 1731, na tangu hapo hakuna mwaka uliokosa chake, hata ile miaka ya vita viwili vikuu.

Utaratibu wao ndio unaonifurahisha. Aya zaidi ya 1,800 za Agano la Kale zimeandikiwa namba. Namba zinatiwa katika bakuli, mtu anaingiza mkono na kuokota, siku baada ya siku, mpaka mwaka utimie. Kazi hiyo hufanywa miaka mitatu mapema, ili wafasiri wa lugha nyingi wapate nafasi. Aya ya Agano Jipya haipigiwi kura. Hiyo huchaguliwa na mtu aliyekaa akafikiri, akaoanisha na ile iliyookotwa. Kwa hiyo kila ukurasa una neno moja lililoletwa na mkono usioona na jingine lililoletwa na kichwa kinachojua. Ukifiwa leo ukafungua ukurasa ukakuta faraja iliyolenga msiba wako, kumbuka kwamba iliokotwa kabla marehemu hajaugua.

Wazee wao hawakuishia kwenye aya. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 kura iliamua hata nani amwoe nani. Huwa najiuliza Mnyamwezi wa Urambo alionaje mambo hayo alipoelezwa. Amemwona mfumu akimpasua kuku na kuyasoma yaliyo ndani, akaambiwa aachane nayo, kisha anaonyeshwa kitabu kilichotoka katika bakuli la kura. Mwenye kujibu atasema, na atakuwa na haki, kwamba kuku huulizwa nani kakuroga, na bakuli halimtaji jirani wa mtu. Lakini swali ni la halali, na ningependa kumsikia mwinjilisti wa zamani akilijibu mbele ya wazee wenye ugoro mkononi.

Je, wajua kwa nini kitabu cha sala cha Wakatoliki kiliitwa Chuo Kidogo cha Sala, na hakuna mwanafunzi aliyekitafuta kwa nia ya kujiandikisha? Kwa Kiswahili cha kale cha pwani chuo ni kitabu. Ndiyo maana mwenye elimu ya vitabu ni mwanachuoni. Wamisionari waliyakuta maneno haya yamekwisha kukomazwa na Waislamu (ibada, sala, dini), wakayabeba bila kuyabadili. Wasabato nao wana Kesha la Asubuhi. Ukilisikiliza jina hilo kwa sikio la mtaani linachekesha, maana aliyekesha asubuhi anatafuta kitanda, hatafuti kitabu. Hata hivyo limezoeleka kiasi kwamba anayecheka sasa ndiye anayeonekana mgeni.

Je, wajua kwamba kwa Kiganda Wakristo wa mwanzo waliitwa abasomi, wasomaji? Kusoma na kuamini vilikuwa mlango mmoja. Alexander Mackay wa CMS, misheni ya Waanglikana, fundi kutoka Uskoti, alikuwa na mtambo mdogo wa chapa huko Buganda. Alipofukuzwa alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, akafia hapo mwaka 1890. Mizigo mingi ya misheni za ziwa ilipitia nchi ya Unyanyembe, na CMS walikuwa na kituo Uyui, jirani na Tabora. Mpagazi aliyebeba rimu za karatasi hakujua kama amebeba Injili au daftari la madeni, na mabega yake hayakuona tofauti.

Je, wajua kwamba Livingstone, katika miezi aliyokwama Manyema, aliandika kwamba aliisoma Biblia nzima mara nne? Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu la London, akivuka mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa matunda ya mwituni. Wino huo ulififia hata ukawa hausomeki, mpaka wataalamu walipotumia kamera zenye mwanga wa rangi mbalimbali miaka 140 baadaye. Kutoka huko alikuja Ujiji, kisha Kwihara, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Alikaa hapo akingoja wapagazi hadi Agosti 1872.

Kipalapala tuseme kwa kifupi, ingawa inastahili zaidi. Ipo kilomita chache nje ya mji wa Tabora, na pamoja na seminari kuu ya mwaka 1925 palikuwa na mtambo wa Mapadri Weupe, Tanganyika Mission Press, uliojulikana kwa herufi tatu, TMP. Nchi ilibadili jina mwaka 1964, TMP ikabaki TMP kwenye majalada. Gazeti la Kiongozi la Wakatoliki lilianzia Tabora mwaka 1950, likahamia Dar es Salaam baadaye. Msilichanganye na Kiongozi jingine, la serikali ya Kijerumani, lililokuwa likitoka Tanga tangu 1904. Miaka michache kabla ya gazeti lile la Wakatoliki, kijana mmoja kutoka Makerere alikuwa akifundisha St. Mary's hapo hapo Tabora. Uzeeni alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapwa na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Wengi wanamjua Nyerere wa hotuba. Nyerere wa mizani bado anasubiri wasomaji.

Je, wajua kwamba hospitali ya Nkinga, jirani na Ziba, ina ndugu yake wa wino? Hospitali hiyo ni ya kanisa la FPCT, lililotokana na Wapentekoste wa Sweden walioanza kazi Tanganyika mwaka 1932. Kanisa hilohilo lina Habari Maalum huko Ngaramtoni, Arusha, penye uchapishaji, studio na chuo (hiki cha kusomea). Mgonjwa wa Nkinga na msomaji wa Ngaramtoni waliwahi kutunzwa na mfuko uliotoka makanisa yaleyale ya mbali.

Je, wajua kosa gani ni gumu kuliona kwenye prufu? Herufi iliyodondoka huonekana. Aya isiyo sahihi huonekana, ukiwa na Biblia pembeni. Tarehe ndiyo adui, kwa sababu jicho likishaona namba zinaongezeka linasinzia. Mwaka mmoja tulipitisha ukurasa wa tarehe 31 Juni. Tulisoma wanne, tukatia sahihi wanne. Siku zote zilizofuata zikasogea ukurasa mmoja mbele, na ukurasa wa tatu, ule wa ugomvi, ukamezwa na tarehe 31 Desemba. Simu ya kwanza ilitoka kwa mzee wa upande wa Igunga. Hakulalamika. Alitaka kujua tu kama siku hiyo ya ziada ina mahubiri yake au asome ya kesho.

Nilipopita Ziba mwaka uliofuata, basi likiwa limesimama, mama mmoja aliyeuza karanga alinisalimu mwangaluka, nikaona kitabu chetu chini ya sinia lake. Lilikuwa toleo la mwaka mwingine, lisilo na kosa lile, lenye kurasa tatu kamili. Nikamwomba nikifunue. Ukurasa wa mwisho, ambao fundi alishinda ukaachwa mweupe, ulikuwa umejaa kwa kalamu ya bluu: tarehe mjukuu alipozaliwa, mvua ya kwanza, debe mbili za mpunga alizokopeshwa shemeji, na chini kabisa neno limelipwa, limepigiwa mstari mara mbili.