Feza ya mwisho wa kazi isiishie mu ekra

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama benye kuchunga makuta ya nyumba, leo tuzungumuze juu ya mutuka. Hatusemi ile ya bakubwa. Tunasema ile mutumikaji anauza kisha kupokea dekonte finale, ikuwe taxi na ilishe batoto. Mu sendika tunaona vile kila mara: miaka 20 ya shimo inaingia mu mutuka moja. Ikisimama, nyumba nzima inasimama.

Zamani, fundi wa Kenya ao wa Katuba alikuwa anafungua motere na fungulo ya 10, ya 12 na ya 14, kazi inaisha. Leo anafungua kapo, anakuta paka plastiki. Taa ya rangi ya machungwa inawaka, na hawezi kujua sababu bila ile mashini ya kusoma kompyuta, ile banaita valizi. Fundi mwenye hana valizi anabahatisha: anabadirisha kipande kimoja, anabadirisha kingine, na wewe njo unalipa vyote.

Matata ya kwanza ni luga. Mamutuka mingi ya hapa inatoka Japan, inapita Dar es Salaam na Kasumbalesa. Batri ikitoshwa, ekra zingine zinajifunga na kuomba karte ao namba ya siri, tena kwa Kijaponi. Redio nayo: FM ya Japan ya zamani inaishia ku 90, na yetu inapanda mpaka 108. Unanunua redio yenye haisikie stesheni mingi za muji wako.

Ya pili: butoni zinapotea, kila kitu kinaingia mu ekra ya kugusa. Butoni, mukono unaipata bila macho. Ekra inaomba macho, na mu barabara ya Likasi macho iko na kazi yake, juu ya makamyo ya mawe. Mu 2022, gazeti moja la mamutuka la Sweden, Vi Bilägare, lilipima madereva benye kutembea kilometa 110 kwa saa. Baliombwa kufanya kazi 4 ndogo, kama kufungua redio na kuongeza joto. Mu Volvo ya 2005, yenye butoni, zilichukua segonde 10, mutuka ikapita metre 306. Mu MG mupya yenye ekra, zilichukua karibu segonde 45, ikapita metre 1.372. Zaidi ya kilometa moja, macho inaenda na kurudi!

Ya tatu: pine ya sekuru. Mu mamutuka mingi mipya banaitosha, banaweka chupa ya gundi na pompi kidogo. Gundi inaziba tundu la musumari. Jiwe likipasula pine ku pembeni, gundi haifanye kitu, na unalala mu njia.

Ya ine: taa. Zamani ulikuwa unabadirisha ampuli. Zingine za LED, ikizimika unauza taa nzima.

Hii inatuuma zaidi juu mawe ni yetu. Mutuka ya umeme inabeba karibu kilo 80 za shaba, ya mafuta karibu kilo 23. Kobalti, Congo inatosha karibu 70 kwa 100 ya dunia yote. Vinatoka ku mikono yetu, na vinarudi mu kitu chenye hatuwezi kufungua.

Ulaya nako banachoka. Tangu 2026, Euro NCAP, benye kupima usalama wa mamutuka, banaomba butoni za kweli ao mikono ya kushika kwa vitu kama honi, wipa na taa za kupinda, kama kampani inataka kupata nyota 5. Basi si shi peke yetu benye kulalamika.

Sasa tunaomba mambo mawili. Ndugu, mbele ya kutosha dekonte, fika na fundi mwenye valizi. Asome kompyuta, wewe fungua nyuma uone pine, badirisha luga ya ekra mbele ya muuzaji. Ikikatala, acha. Na kampani zenye kuchukua kobalti yetu zifundishe vijana bafundi ba mitaa yetu umeme na kompyuta za mamutuka. Ile tutaiomba ku meza ya mazungumuzo, sawa tunaomba mushahara.