JE, WAJUA? Meli Zilizopanda Treni

Mkoa wa Geita una visiwa, mialo na vivuko vyake katika Ziwa Victoria. Shinyanga haina hata bandari moja ya ziwani. Hata hivyo, atakayezungumzia meli na boti za doria za ukanda huu wa dhahabu hawezi kuiruka Shinyanga, maana chombo kikubwa kinachotoka ng'ambo hupita kwanza nchi kavu. Haya, twende.

NJIA YA KUFIKIA MAJI

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari? Mto unaotoka ndani yake ni mmoja tu, Nile, nao huanza safari kwa maporomoko na mabwawa pale Jinja. Hakuna meli inayoweza kutoka baharini ikaingia ziwani. Ama iundwe ufukweni, ama iletwe vipande vipande.

Je, wajua kwamba Shinyanga nayo ina bandari? Ni bandari kavu ya Isaka, wilayani Kahama, kwenye reli ya Tabora–Mwanza iliyofika ziwani mwaka 1928. Kutoka hapo Isaka, reli mpya ya SGR ya kwenda Mwanza ina urefu wa kilomita 341.

Je, wajua kwamba boti ndogo ya doria inaweza kuletwa nzima juu ya lori? Hapo upana wa barabara, kimo cha madaraja ya juu na nyaya za umeme ndivyo vinavyopanga ukubwa wake, kabla kamanda hajasema anataka nini.

Je, wajua kwamba mwaka 1875 boti ya Henry Morton Stanley ilifika Kageye, karibu na Mwanza, ikiwa juu ya vichwa vya watu? Lady Alice iliundwa Teddington, Uingereza, ikiwa na vipande vitano vya kuunganisha. Wapagazi waliibeba kutoka Bagamoyo, wakakatiza Ugogo na Usukuma. Kati ya Machi na Mei mwaka huo ilizunguka ziwa lote.

Je, wajua kwamba safarini humo Stanley alikuta jeshi la majini lililokwisha kujengwa? Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa na mamia ya mitumbwi ya vita. Mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja.

Je, wajua kwamba stima ya SS William Mackinnon iliundwa Paisley, Uskoti, mwaka 1890 lakini ikagusa maji ya Kisumu Juni 1900? Miaka 10 iliishia safarini na ghalani, kwani reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika, na vipande vingi vilibidi kubebwa na wapagazi.

Je, wajua kwamba Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi mitambo, alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890? Mauti yalimkuta akiunda boti ya mvuke.

VITA VYA MAZIWANI

Je, wajua kwamba Septemba 1914 stima ya Waingereza, Winifred, ilikutana na boti ya Kijerumani iliyoitwa Muansa huko Karungu, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ikarudi nyuma? Hazikuwa meli za kivita. Zilikuwa vyombo vya kiraia vilivyofungwa silaha kwa haraka. Winifred ilirejea ikiwa na mwenzake, Kavirondo, ndipo Wajerumani wakaondoka.

Je, wajua kwamba meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilitolewa vitani ikiwa nchi kavu? Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo huko Liuli, Ziwa Nyasa. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Waingereza walifika na Guendolen, wakafyatua mzinga, kazi ikaisha. Meli iliyoko kwenye chelezo haina pa kukimbilia.

Je, wajua kwamba Wajerumani walizamisha chelezo chao chenyewe cha kuelea kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam Agosti 1914? Walitaka kumzuia Mwingereza asiingie. Wakamzuia pia mtu wao: manowari Königsberg ilikosa bandari ya kurudi, ikaishia kujificha kwenye delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake waliizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa na kutumika nchi kavu. Mmoja upo hadi leo Jinja, kando ya Ziwa Victoria.

Je, wajua kwamba MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilianza maisha yake ndani ya makasha yapatayo 5,000? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma. Julai 1916 mafundi wale wale walioiunganisha waliizamisha isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Ujanja huo ulilipa. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Je, wajua kwamba udogo nao ni silaha? Boti mbili za Kiingereza za futi 40, Mimi na Toutou, zilitolewa London hadi Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa porini hadi Ziwa Tanganyika. Desemba 26, 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani kwa kasi na mizinga yao. Miezi miwili haikuisha, mateka huyo alikuwa anaipiga mizinga meli ya waliomuunda.

KARAKANA ZA KANDA YA ZIWA

Je, wajua kwamba MV Victoria ilitengenezwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikaja vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961? Inafanya kazi leo baada ya ukarabati mkubwa uliofanyika Mwanza.

Je, wajua kwamba MV Umoja ina reli juu ya sitaha yake? Iliundwa miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya treni, yavuke ziwa bila kupakuliwa. Dada yake wa Kenya ni MV Uhuru.

Je, wajua kwamba MV Mwanza ina urefu wa mita 92.6 na imeundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo na magari? Mabamba yake yalichomelewa palepale Bandari ya Mwanza Kusini na kampuni ya Korea Kusini, Gas Entec, pamoja na washirika wake, kisha meli ikashushwa majini Februari 2023.

Je, wajua kwamba kivuko kinachovusha watu wa Magogoni na Kigamboni, MV Kazi, kiliundwa na kampuni ya Mwanza? Ni Songoro Marine, iliyounda pia kivuko cha Chato–Nkome mkoani Geita. Watu wa Kanda ya Ziwa wakawauzia watu wa Pwani ufundi wa vyombo!

Je, wajua kwamba zao la Shinyanga linaweza kuokoa boti isizame? Mtazame fundi mitumbwi akifanya kalafati. Anasokota pamba, anaichovya mafuta, anaipanga juu ya mwanya kati ya mbao mbili. Kisha anaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo, polepole, akisikiliza mlio: ukiwa mzito, pamba imekaa. Mbao zikinywa maji huvimba, zikaibana, mwanya ukafa.

KUCHAGUA BOTI YA DORIA

Je, wajua kwamba chombo kile kile hudidimia zaidi ziwani kuliko baharini? Meli yenye uzito wa tani 1,000 husukuma mita za ujazo 1,000 za maji baridi, lakini kama 975 tu za maji ya chumvi. Ndiyo maana meli zina alama tofauti ubavuni kwa maji baridi na kwa bahari.

Je, wajua kwamba vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe na kutu badala ya bodi havifanyi kazi vizuri ziwani? Maji baridi hutaka magnesi. Boti iliyonunuliwa kwa vipimo vya bahari huanza na kosa hilo dogo, lisiloonekana kwa sababu liko chini ya maji.

Je, wajua adui wa doria asiye na bunduki? Ni gugu maji. Hujisokota kwenye pangaboi, likaziba tundu la kuvutia maji ya kupozea injini. Mashine zinazovuta maji na kuyarusha nyuma huepuka pangaboi lililo wazi, lakini nazo hukabwa majani yakijaa kwenye wavu wa kuingizia maji. Kwa hiyo mnunuzi mwerevu huulizia kwanza jinsi wavu huo unavyosafishwa mkiwa katikati ya ziwa.

Je, wajua bei ya haraka? Kwa meli inayopasua maji, ukitaka kasi mara mbili, nguvu ya injini huhitaji kupanda karibu mara nane. Boti nyepesi inayoteleza juu ya maji hukwepa sehemu ya gharama hiyo, ila siku ya mawimbi huwachapa vibaya waliomo.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya doria ziwani haihusu vita kabisa? Kazi ni kukamata makokoro na nyavu haramu, kukimbiza magendo, kuokoa watu na kulinda mazalia ya samaki. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, ni mfano: bila boti, askari wa hifadhi hawezi kuilinda. Chombo chenye kina kirefu hakifiki kwenye matete, na mhalifu anajua hivyo.

Je, wajua kwamba makao ya wanamaji wa JWTZ yako Kigamboni? Mwaka 2015 walipokea meli mbili za doria kutoka China, zikapewa majina ya Mwitongo na Msoga, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere na kwa Rais wa wakati huo, Kikwete.

Je, wajua kwamba Kenya iliagiza meli yake ya doria Jasiri kutoka Hispania mwaka 2003, ikaipokea Mombasa Agosti 2012? Mgogoro wa mkataba uliikalisha Hispania miaka kadhaa. Siku hizi Kenya ina Kenya Shipyards, yenye karakana Mombasa na Kisumu. Kisumu ndiko ilikoundwa MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100.

Je, wajua kwamba ajali mbili kubwa za ziwa upande wa Tanzania zilitokea karibu na nyumbani? MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 hatua chache kutoka gati la kisiwa cha Ukara, watu 228 wakapoteza maisha. Anayechagua boti ya doria ajiulize pia: ikifika kwenye ajali, itawapandishaje watu kutoka majini, na itabaki wima wakijazana upande mmoja?

 

Na la mwisho: je, wajua kwamba Septemba 3, 2018 ilisainiwa Mwanza mikataba minne kwa pamoja? Meli mpya, yaani MV Mwanza, shilingi bilioni 88.7. Ukarabati wa MV Victoria, bilioni 22.7. Ukarabati wa MV Butiama, bilioni 4.9 hivi. Chelezo, bilioni 36.4. Karibu robo ya fedha zote haikununua meli wala injini, ilinunua mahali pa kuipandisha meli ikiugua. Atakayekuja na pendekezo la boti mpya za doria za Geita, kabla hajafungua picha zake, aulizwe: itakapotoboka, itapandishwa wapi, na nani ana spea zake?