Kivumbasi, Mkilifi na Maji ya Birika

Akina mama wa Lamu, Mwenyezi Mungu awajaze kheri, hutundika kivumbasi dirishani na kufukiza majani makavu ya mkilifi magharibi iingiapo, ili kumfukuza mbu, au imbu kama tumwitavyo. Aliyekwisha umwa hupakwa mafuta ya nazi au liwa iliyosagwa kwa maji, nayo ngozi hupoa. Twayasifu hayo. Ila mafuta ya mkilifi mtoto mchanga asinyweshwe kabisa, kwani yamepata kuua.

Tukumbuke pia mwaka 2004, ilipoingia homa ya chikungunya. Uchunguzi ulionyesha kuwa watu kama 75 katika kila 100 wa kisiwa chetu waliambukizwa. Wala hazikuwa mvua. Ulikuwa ukame, na kila nyumba iliweka maji. Mbu wa homa hiyo huuma mchana, kifukizo kimekwisha kuzimika, naye huzaliwa katika mitungi yetu wenyewe.

Wazee waliojenga nyumba za mawe walifuga visamaki birikani vile viluwiluwi, na chini wakajengea bakuli la kaure, samaki wapate pa kukaa maji yapunguapo. Hekima iliyoje! Leo tuna mapipa ya plastiki, mengi yakiwa wazi. Basi yafunikwe, na kila wiki yamwagwe na kusuguliwa kuta, kwani mayai hugandamana ukingoni. Homa ikija pamoja na maumivu makali ya viungo, mgonjwa apelekwe hospitali. Kivumbasi kibaki dirishani.