Kamba ya Tanga Ikikwama

Bila shaka umewahi kuona bendera ikipandishwa shuleni. Juu ya mlingoti pana kigurudumu kidogo, nacho hukaa ndani ya kifaa kinachoitwa kapi. Kamba hupita hapo. Ukivuta upande mmoja, bendera hupanda. Ukivuta upande wa pili, hushuka.

Tanga la chombo hupandishwa vivyo hivyo. Watu wa pwani huiita kamba ya kupandishia tanga henza. Sisi wa Kasulo tunakaa mbali na maji makubwa. Lakini wako ndugu zetu wanaokwenda Ziwa Viktoria, kule Chato na kwingineko, kuvua samaki. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Bendera ikikwama shuleni, hakuna anayeumia. Lakini tanga likikwama juu wakati wa dhoruba, chombo huweza kupinduka na watu wakafa maji.

Kwa nini kamba hukwama?

Gurudumu la kapi lina mfereji wa kupitishia kamba. Kamba ikitoka mferejini, hubanwa kati ya gurudumu na ubavu wa kapi. Pengine fundo huingia ndani ya kapi. Pengine kamba imechakaa na nyuzi zake zimetoka nje. Pengine gurudumu halizunguki kwa sababu ya kutu au uchafu.

Ufanye nini?

1. Usivute kwa nguvu. Ukizidi kuvuta, kamba huzidi kubanwa.

2. Legeza demani, yaani kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga. Upepo utatoka katika tanga. Watu wote wakae chini. Wenye makasia wazuie chombo kisipigwe ubavuni na mawimbi.

3. Sasa vuta henza kidogo, kama mtu anayetaka kupandisha tanga. Kisha iachie. Itikise kushoto na kulia. Rudia polepole. Pengine kamba hurudi mferejini, na tanga hushuka.

4. Ikikataa, mtu asipande mlingoti mkiwa majini. Uzito wa mtu mmoja kule juu huweza kupindua chombo kidogo. Likusanyeni tanga, mlizungushie kamba na kulifunga kwenye mlingoti. Pigeni makasia mpaka ufukoni. Hapo ng'oeni mlingoti, mlilaze kapi chini, mlitengeneze bila hatari.

Kukinga ni bora

Pengine ncha ya chini ya henza humponyoka mtu ikakimbilia juu. Basi piga fundo kubwa kwenye ncha hiyo, lisiloweza kupita katika kapi. Kisha ifunge ncha kwenye chombo.

Kila siku kabla ya kuondoka, pandisha tanga na ulishushe mara moja ungali ufukoni. Kamba iliyochakaa ibadilishe. Kapi lisafishe na ulitie mafuta. Kazi hii ni ya dakika chache tu, nayo huokoa maisha.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini si vizuri kuvuta kwa nguvu kamba iliyokwama?
2. Kwa nini mtu asipande mlingoti wakati chombo kiko majini?
3. Ni kazi gani nyingine hapa kijijini hutumia kamba na kapi? Tunazikagua lini?