Kifafa Si cha Aina Moja



Wengi wetu tukisikia neno kifafa humfikiria mtu aliyeanguka, akitetemeka na kutoka povu mdomoni. Hiyo ni namna moja tu.

Wataalamu hugawa kifafa kwa kuangalia mshtuko unapoanzia katika ubongo. Ukianza pande zote mbili kwa pamoja, huitwa kifafa cha jumla. Mgonjwa huanguka na kukakamaa. Au, hasa mtoto, huduwaa kwa sekunde chache bila kujibu, kisha huendelea na alichokuwa akifanya. Mtoto kama huyo huweza kuadhibiwa shuleni akidhaniwa mzembe.

Ukianzia sehemu moja, huitwa kifafa cha sehemu. Mkono mmoja hutetemeka, au mtu hutafunatafuna na kutangatanga bila kujitambua. Katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe, kama Mbulu, viluwiluwi vya tegu vinavyoingia kwenye ubongo ni chanzo kimojawapo. Matumizi ya vyoo bora ni kinga.

Tofauti hizi zina uzito katika tiba. Kabamazepini humsaidia mwenye kifafa cha sehemu, lakini inaweza kumzidishia mishtuko mtoto anayeduwaa. Kwa hiyo familia zisiazimane dawa, wala mgonjwa asiache dawa ghafla.

Tunaomba kila kamati iwaulize wazazi na walimu wanachokiona, ikiandike, na kumsindikiza mgonjwa kituo cha afya. Mshtuko ukizidi dakika 5, awahishwe hospitali. Kifafa hakiambukizi, tusiogope kumshika mwenzetu.