Sura ya Sita: Kondoo Anayezunguka

Kondoo mwenye kizunguzungu hujitenga na kundi, huinamisha kichwa upande mmoja, kisha huzunguka palepale huku wenzake wakiendelea kula. Ukimswaga, anajigonga kwenye ua. Huko Ngorongoro, jirani na mkoa wa Simiyu, ugonjwa huu umeota mizizi, na Wamaasai wa huko huuita ormilo. Mfugaji wa Bariadi, mkoani Simiyu, mwenye kondoo na mbwa katika boma moja ana kila sababu ya kuujua.

Chanzo ni tegu aitwaye Taenia multiceps, ambaye akikomaa huishi kwenye utumbo mwembamba wa mbwa bila kumsumbua sana. Mayai yake hutoka na kinyesi na kusambaa malishoni. Kondoo akiyala pamoja na majani, viluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu; vinavyofika ubongoni ndivyo hukua. Baada ya miezi kadhaa, kiluwiluwi kimoja huwa kifuko cha maji chenye upana wa sentimita 5 au zaidi. Ukikipasua, utaona ukutani mwake vitone vyeupe vilivyojikusanya mafungumafungu. Kila kitone ni kichwa cha tegu mpya, na vitone hivyo huweza kufika mamia.

Fuvu halitanuki. Kifuko kinapokua, ubongo ndio unaobanwa, na dalili hufuata mahali kilipo. Kikiwa upande mmoja wa ubongo mkubwa, mara nyingi kondoo huzungukia upande huohuo, lakini jicho linalopofuka ni la upande wa pili, kwa kuwa mishipa mingi ya fahamu itokayo machoni hupishana kabla ya kufika ubongoni. Jicho lenyewe ni zima. Kikiwa kwenye serebela, sehemu ya nyuma inayoratibu mwendo, kondoo hupepesuka, hutanua miguu na kuinyanyua kupita kiasi. Wakati mwingine mfupa ulio juu ya kifuko hulainika hadi ukabonyea kwa kidole gumba. Hapo daktari wa mifugo anaweza kupasua na kukitoa.

Upasuaji huokoa kondoo mmoja tu. Ugonjwa wenyewe hukatiwa njia kwa mbwa. Mbwa anayetupiwa kichwa kibichi cha kondoo mgonjwa siku ya kuchinja huweza kumeza mamia ya tegu kwa mlo mmoja. Kwa hiyo kichwa hicho kichomwe moto au kifukiwe kwa kina, na mbwa wapewe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kila baada ya wiki 6 hivi, kwa sababu tegu huchukua takriban muda huo kuanza kutoa mayai. Mbwa wa jirani asipotibiwa, malisho ya pamoja yatabaki na mayai. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kuwa ya boma moja, ni ya kijiji kizima.